Kiti cha zamani, kikalio kipya: mafunjo, kamba ya karatasi, plastiki au sponji?

Kiti chenyewe unakifahamu. Miguu ya mbele imechongwa mviringo, mgongo una mbao tatu au nne zilizolazwa kama ngazi, na kikalio kimesukwa kwa majani yaliyosokotwa, pembetatu nne zinazokutana katikati kama mgongo wa bahasha. Hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, viko vingi kuliko watu wanavyodhani. Vingine vilikuja na familia za Wabelgiji enzi mji ukiitwa Costermansville, vingine vilinakiliwa na maseremala waliojifunza kwenye karakana za misheni. Baada ya uhuru wa 1960 vikahama kutoka nyumba za Muhumba na Nyawera kwenda parseli za Kadutu na Bagira: kwa kununuliwa, kwa kupewa, na kwa njia ambazo wazee hawapendi kuzieleza. Mbao hudumu, majani huchoka. Ndiyo maana karibu kila kiti cha aina hii ninachokutana nacho kina fremu nzima na shimo katikati, na mwenyewe ameweka kipande cha ubao au mto juu ili mgeni asizame.

Mimi nilirithi sita kutoka kwa babu. Mzee mmoja seremala wa Kadutu alipoona cha kwanza alikigonga mguu kwa kidole, akasikiliza, akaniambia: “Mama, hii kiti iko muzima. Ni matako tu ndiyo yaliisha.” Tangu siku ile nimejaribu njia zote nne ninazozilinganisha hapa, mbili kwa kukosea kwanza. Njia hizo ni kuwamba upya kwa mafunjo au majani ya aina yake, kuwamba kwa kamba ya karatasi, kuwamba kwa kamba ya plastiki, na kuachana na kamba kabisa ukaweka tripleksi (plaiwudi) yenye sponji na kitambaa.

Maneno machache, halafu vigezo

Nitatumia neno kuwamba, lile lile la kitanda cha kamba. Mbao za ubavuni zinazobeba kamba nitaziita mifumbati, na zile za mbele na nyuma vitakizo, kama za kitanda. Fundi wako anaweza kuwa na majina mengine, ya Kifaransa au ya Kishi. Muonyeshe kwa kidole.

Vigezo ni sita: fremu inakubali nini, nyuzi na fundi wanapatikana wapi, kukaa kwake kukoje, kikalio kinavumilia vipi maji, kuvu na wadudu, kikiharibika kinatengenezwaje, na kiti kinabaki na thamani gani. Havina uzito sawa. Cha kwanza kinaweza kukata shauri peke yake, kwa hiyo anza nacho hata kama moyo wako umeshachagua rangi ya kitambaa.

Tahadhari moja: kama kiti chako kina safu ya vitundu vidogo kuzunguka fremu ya kikalio, hicho si cha kuwambwa kwa mafunjo. Ni cha henzirani, ile inayotokana na kekele, mmea wa kutambaa wa msituni, na kazi yake ni nyingine kabisa. Usimruhusu mtu azungushe kamba juu ya vitundu vile.

Fremu inakubali nini

Kiti cha kuwambwa kimejengwa ili kivutwe. Kamba inapozunguka mfumbati, ikapita kwenye kitakizo, ikarudi upande wa pili, kila mzunguko unavuta mbao nne kuelekea katikati na kuzisukuma ndimi (ncha zake zilizochongwa) ndani ya matundu yake kwenye miguu. Kikalio ni sehemu ya ujenzi wa kiti. Ukikata majani yote yaliyochakaa utaona: kiti kilichokuwa kimetulia kinaanza kuyumba kama mlevi wa Jumamosi.

Hapo ndipo sponji inatofautiana na wenzake watatu. Ubao wa tripleksi unalala tu juu ya fremu, hauvuti chochote. Ukichagua njia hiyo, kwanza fungua viungo vilivyolegea, kwangua gundi ya zamani, weka mpya, funga fremu kwa kamba na uikaze kwa kijiti mpaka ikauke, usiku mzima. Kwa njia zile tatu za kamba kazi hiyo pia ni ya lazima, maana kuwamba juu ya kiungo kibovu ni kuficha kidonda. Ila kamba itakusaidia kushikilia baadaye, tripleksi haitakusaidia.

Kosa langu la kwanza lilikuwa hapa hapa. Niliharakisha, fundi akapigilia tripleksi kwa misumari kutoka juu, na kitakizo cha mbele kikapasuka kwa urefu wake wote. Mbao iliyokauka kwa zaidi ya miaka hamsini haipokei msumari mnene bila kutobolewa kwanza. Njia sahihi ni skrubu kutoka chini, tundu limetangulia, na pembe za mbele za ubao zimekatwa kidogo, kwa sababu kwenye viti vingi hivi vichwa vya miguu ya mbele huchomoza juu ya vitakizo.

Kamba nazo zina masharti yao. Mafunjo na karatasi hukatwa na ukingo mkali, kwa hiyo piga msasa kingo za ndani na za nje mpaka kidole kipite bila kukwama. Kamba ya plastiki haikatiki hivyo, lakini inawindwa na shida iliyo kinyume: fundi mwenye nguvu huikaza mno, na mfumbati mwembamba hupinda kuelekea ndani. Nyembamba kama ya kuanikia nguo huchimba mbao laini ikaacha mifereji. Kwa fremu ya mbao ngumu kama muvula au libuyu hilo si tatizo kubwa. Kwa fremu nyepesi iliyotoboka na wadudu, ni tatizo.

Kikalio kikiwa kipana mbele kuliko nyuma, kama vilivyo vingi, fundi lazima ajaze kwanza pembe mbili za mbele kwa vipande vifupi mpaka nafasi iliyobaki mbele ilingane na ya nyuma, ndipo aanze kuzunguka pembe zote nne. Muulize swali hilo kabla hujampa kazi: “Utafanyaje na upana wa mbele?” Akikuangalia kama hujielewi, tafuta mwingine. Swali hilo linafaa kwa mafunjo, karatasi na plastiki sawasawa.

Nyuzi na fundi

Kwa mafunjo nitakaa kidogo, maana ndipo Bukavu ina bahati ambayo wengine hawana.

Majani yaliyotumika kwenye viti vya Ulaya hayakuwa mafunjo yetu. Ni tete laini la majini liitwalo Schoenoplectus lacustris, linalokatwa wakati wa joto, likakaushwa, kisha likaloweshwa tena kidogo ili lisokoteke. Huku Kivu tuna ndugu zake. Mafunjo yenyewe, Cyperus papyrus, yana shina nene la pembe tatu na moyo mweupe kama sponji. Kuna tete jembamba linalosukiwa mikeka huko Kabare na Walungu. Na kuna yale majani marefu ya kinamasi yenye kichwa cha kahawia kama gunzi lililoungua, Typha kwa jina la kitaalamu, ambayo hata Marekani huwambiwa viti.

Kosa langu la pili: nilinunua mashina mazima ya mafunjo mabichi, nikadhani ubichi ni ulaini. Kikalio kilipendeza wiki mbili. Moyo ule mweupe ulipokauka ukasinyaa, nyuzi zikaachana, na mtoto wa dada yangu akapitisha mguu. Mafunjo hutumiwa ganda lake la nje, lililobanduliwa na kukaushwa. Kama humpati wa kubandua vizuri, bora tete la mikeka au Typha. Yote yakauke kwanza kivulini, ambako hubaki na ukijani kidogo. Juani huwa ya manjano kama majani makavu ya mahindi. Msimu mzuri wa kukata ni kiangazi, Juni hadi Agosti. Siku ya kazi unayalowesha, unayafunga kwenye gunia lenye unyevu usiku mmoja, na asubuhi yanasokoteka bila kuvunjika. Yakikaa majini siku nzima yanateleza na kunuka.

Muulize pia muuzaji alikokata. Vinamasi vilivyo ndani ya hifadhi ya Kahuzi-Biega si vya kukatwa. Hiyo ni mbuga ya taifa tangu 1970. Vinamasi vya mabondeni nje ya hifadhi vinatosha viti vya mji mzima.

Fundi ndiye mgumu kupatikana. Mama wa mikeka anajua majani kuliko yeyote, ila hajazoea kusokota huku akizunguka fremu. Seremala anajua fremu, ila majani hayajui. Mimi niliwakutanisha wawili uani kwangu, siku nzima kwa kiti cha kwanza, nusu siku kwa cha tatu. Nyuzi zenyewe hazina gharama kubwa. Unacholipia ni saa za watu. Patana bei kwa kiti, wala si kwa siku.

Kamba ya karatasi inashangaza watu wakisikia jina. Ni karatasi ngumu ya kahawia iliyosokotwa kwa nguvu, na Denmark iliichukua wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, nyasi za bahari zilipoadimika. Kiti maarufu cha Hans Wegner, mbunifu wa huko, CH24, alichokichora 1949, huwambwa kwa takriban mita 120 za kamba hiyo, na fundi mzoefu hukimaliza kwa muda wa saa moja hivi. Fundi mzoefu, narudia. Uzuri wake ni kwamba kamba inakuja ikiwa tayari imesokotwa na unene ni mmoja, hivyo seremala yeyote mwenye subira anaweza kujifunza. Ubaya ni kwamba si kitu cha kuokota Kadutu. Utamwagiza ndugu aliye nje, na ulipie mzigo. Agiza yote mara moja pamoja na ziada, kwa sababu rangi ya mzigo wa pili haitafanana na ya kwanza.

Kamba ya plastiki ipo sokoni kila siku, kwa rangi zote za bendera, na vijana wanaowamba viti vya uani wanaijua kwa macho yaliyofumbwa. Kazi inaisha kabla chai haijapoa. Ndiyo njia ya bei nafuu kuliko zote, wala haina haja ya kungoja msimu.

Sponji, tripleksi na kitambaa navyo vinapatikana bila shida, na fundi wa makochi yuko karibu kila katiye (mtaa). Kinachotofautiana ni ubora wa sponji. Ibonyeze kwa kidole gumba mpaka chini kisha uachie: ile inayorudi polepole au kubaki na alama itakuwa imelala kama chapati kabla ya mwaka mpya. Ile nzuri ni nzito mkononi, na bei yake pia ni nzito.

Kukaa kwake

Kwenye mafunjo unakaa kama kwenye kitu kilicho hai. Kinabonyea kidogo, kinapitisha hewa, na kikiwa kipya kinalia polepole unapogeuka. Babu alisema sauti hiyo humwambia mama wa nyumba nani anataka kuondoka mezani bila kumaliza chakula. Karatasi inafanana nayo sana, ni ngumu zaidi kidogo na haina sauti. Nguo nyepesi haikwami kwenye yoyote kati ya hizo mbili, isipokuwa mafunjo yaliyoanza kukatika, ambayo yatakula soksi na vitenge bila huruma.

Plastiki inabeba, haina ubishi. Lakini inateleza, inaacha michirizi kwenye mapaja ya watoto wenye kaptula, na siku ya joto inanata. Ile ya nailoni hurefuka kwa uzito, kikalio kikawa kama machela baada ya miezi kadhaa. Kuna mafundi wanaoiwamba mara mbili ili kupunguza hilo.

Sponji ndiyo laini kuliko zote siku ya kwanza. Ila kuna hesabu ambayo watu huisahau. Kiti cha kulia huwa na kimo cha sentimita 45 hivi, na meza 75. Tofauti ya 30 ndiyo nafasi ya mapaja, na bado ubao wa pembeni mwa meza unakula sehemu yake. Ukiongeza tripleksi ya sentimita 1 na sponji ya 6, unakaa kwenye 52, na nafasi imebaki 23. Mgeni mwenye mwili mkubwa atakaa upande, kama anayesubiri basi. Kwa kiti hiki sponji isizidi sentimita 3 au 4, na iwe ngumu. Vinginevyo utalazimika kukata miguu ya kiti, jambo ambalo naliomba usilifanye.

Maji, kuvu na wadudu

Bukavu iko kwenye mita 1,460 na zaidi juu ya usawa wa bahari, kando ya Ziwa Kivu, na mvua inatushika kuanzia Septemba hadi Mei. Kwa mafunjo hali hii ina pande mbili. Majani yanapenda unyevu wa wastani. Mahali pakavu mno hukatika kama biskuti. Lakini kiti kilichosukumwa kwenye ukuta unaovuja maji kitaota kuvu nyeusi upande wa chini, ambako hakuna anayeangalia. Dawa yake ni kukipindua kila mwezi, kukisugua kwa brashi kavu, na kukianika kivulini. Uji ukimwagika, futa mara moja kwa kitambaa chenye maji kidogo. Usikioshe.

Karatasi inavumilia kumwagikiwa kidogo, lakini ikilowa na kubaki imelowa hufunguka msokoto, na doa la mafuta ya mawese halitoki tena. Nasema hivyo nikiwa naliangalia doa lenyewe.

Plastiki hapa inashinda bila kupumua: maji ya moto ya wastani, sabuni, brashi, kiti kimerudi mezani baada ya saa moja. Adui wake ni jua. Kiti cha plastiki kinacholala baraza la nje hupauka na kuanza kumeguka vipande.

Sponji ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi, na sababu ni kunguni. Kitambaa kilichokunjwa chini ya ubao na kupigiliwa pini ni nyumba ya vyumba vingi kwao. Wanaweza kuingia kwenye mafunjo pia, lakini kule unawaona. Kama umeamua sponji, chagua kitambaa cha ngozi ya bandia kinachopanguswa, na mwambie fundi afunge ubao kwa skrubu nne tu ili uweze kuufungua na kukagua. Ukinunua kiti cha zamani chenye sponji tayari, fungua kabla hakijaingia ndani ya nyumba. Uani, asubuhi, kwenye mwanga.

Kuhusu mbao yenyewe, njia zote nne ziko sawa: vitundu vidogo vya mviringo si tatizo kama ni vya kale, ila ukiona unga laini mpya chini ya kiti asubuhi, mdudu bado yuko kazini. Wengine hupaka mazutu, yaani dizeli. Inafanya kazi, na chakula chako kitanukia gereji kwa miezi.

Kikiharibika

Uzi mmoja wa mafunjo ukikatika, unaweza kufungwa kwa chini na kuishi nao. Ikikatika mitano karibu na ukingo, kikalio kizima kinafuata. Kikitunzwa, kinapita miaka 20 bila shida. Wanaokiua haraka ni watu wanaosimama juu yake kubadilisha balbu. Karatasi ni hivyo hivyo, na ukikosa kamba ya akiba umekwama mpaka ndugu asafiri tena. Plastiki, kijana anarudi na kiberiti, anayeyusha ncha mbili pamoja, kwisha. Sponji inabadilishwa kama foronya, kila baada ya miaka michache, bila kugusa fremu, mradi skrubu zilifanywa vizuri mwanzoni.

Thamani

Anayetafuta viti vya zamani, awe mwenye hoteli ya ufukweni au mgeni anayekodi nyumba Nguba, anataka kuona majani. Kiti kile kile chenye plastiki ya bluu atakiita kiti cha bustani, bei itashuka, na utabishana bure. Karatasi inakubalika, hasa ikifuata ule msuko wa bahasha. Sponji inategemea: ikiwa imewekwa kwa skrubu na fremu haina majeraha, mnunuzi anayejua atalipa akijua kwamba anaweza kurudisha majani. Kama kuna misumari, anahesabu mashimo.

Lakini si kila kiti kina thamani ya kulindwa. Nakala za mkaratusi zilizochongwa mbao ikiwa mbichi zimepinda na zitaendelea kupinda. Hicho kipe plastiki kwa amani.

Kulingana na hali yako

Nyumba yenye watoto wadogo wanaokula wenyewe: plastiki, au sponji nyembamba yenye ngozi ya bandia. Uji utakwenda mahali uji unapokwenda. Viti vya babu vinaweza kusubiri miaka mitano. Hifadhi fremu zikiwa zimefungwa gundi, zimening'inizwa stoo, mbali na sakafu yenye unyevu.

Wazee wanaokaa mezani muda mrefu, wenye maumivu ya nyonga: sponji ngumu ya sentimita 3, au mafunjo na mto mwembamba wa kufungwa kwa kamba mgongoni mwa kiti. Mto ndio ninaoupendelea mimi, maana unafuliwa. Wazee wawili kati ya watatu niliowauliza nyumbani kwetu walichagua sponji, nami sikuwabishia.

Nyumba ambayo viti vyake huazimwa, na hapa ni nani hajawahi kuazimwa viti vya matanga: plastiki bila kufikiri. Kiti cha mafunjo kikienda matanga kinalala nje na umande, kinakaliwa usiku kucha, kinasimamiwa na anayefunga turubai, na kinarudi bila mwenye kosa. Huwezi kumkatalia jirani aliyefiwa. Kwa hiyo uwe na viti vya kuazimisha, na vya mafunjo vikae chumba cha ndani.

Unayo fremu nzuri, nyumba tulivu, na muda wa kungoja kiangazi: mafunjo au tete la mikeka. Ukiwa nayo fremu hiyo hiyo lakini huna mama wa majani, na una shangazi Brussels anayeuliza akuletee nini, mwambie kamba ya karatasi, na umtajie unene kwa milimita. Vinginevyo atakuletea ya kufungia zawadi.

Mgahawa mdogo unaotaka sura ya zamani: hapa nagawanyika. Mafunjo yanavutia macho, lakini wateja wanasogeza viti, wanamwaga bia, na kila wiki kuna mmoja wa kukarabati. Wenye mgahawa ninaowajua waliofanikiwa waliweka karatasi kwenye viti vya ndani na plastiki ya rangi ya majani makavu kwenye vya baraza, ambayo kwa hatua tano mbali inadanganya vizuri.

Unataka kuuza: funga viungo, safisha, na uache kikalio wazi. Mnunuzi wa kweli anapenda kuona fremu uchi kuliko kikalio kibaya, na atachagua mwenyewe.

Vyangu sita vimegawanyika. Viwili vina tete la Kabare, viko mezani upande wa dirisha. Kimoja kina karatasi na lile doa la mawese. Kimoja, kile kilichopasuka kitakizo, kina sponji, ni cha shangazi na hakuna mwingine anayekikalia. Kimoja kina plastiki ya kijani na sasa hivi kiko kwa jirani tangu Jumanne. Cha sita kinaning'inia stoo, fremu tupu, kinangoja Juni.